Shela la kushonesha, la kukodi au la kuagiza? Ulinganisho wa fundi kwa bibi harusi mtarajiwa

Jumatano moja, siku tatu kabla ya ndoa, binti mmoja aliingia kwenye karakana yangu Dar es Salaam akiwa amekumbatia mfuko mkubwa wa plastiki. Ndani mlikuwa na shela aliloliagiza mtandaoni kutoka nje ya nchi. Alinionyesha picha kwenye simu, na kweli lilikuwa zuri. Alipolivaa, kiuno cha gauni kilikaa juu ya mbavu zake, zipu ikagoma ikiwa imebaki sentimita 6 kufika juu, na ile neti ya kifuani ambayo haitakiwi kuonekana, ili lesi ionekane kama imeota kwenye ngozi, ilikuwa ya rangi ya ngozi ya Mzungu. Juu ya ngozi yake nyeusi nzuri ilionekana kama bandeji. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza taratibu, "Mama, hili linatengenezeka?"

Lilitengenezeka, na nitaeleza tulivyofanya. Ila tangu siku ile kila msichana anayekuja kuniuliza bei ya shela simpi bei kwanza. Namuuliza ndoa ni lini, inafungwa wapi, na atalivaa gauni kwa saa ngapi. Majibu hayo matatu ndiyo yanayoamua ashoneshe, akodi, anunue la dukani au aagize. Mimi ni fundi, kwa hiyo ujue mapema kwamba kushonesha ndiko kunakonilisha. Hata hivyo wengi nimewaambia wakakodi, nao walipendeza.

Jambo moja la maneno kabla sijaendelea. Wapo wanaoita shela kile kitambaa cha kichwani tu, na wapo wanaoita shela vazi zima jeupe. Hapa nikisema shela namaanisha gauni, na cha kichwani nakiita veli. Ukienda kwa fundi au saluni, ulizia kabisa bei uliyotajiwa ni ya kipi, maana nimeshawaona watu wamelipia gauni wakidhani veli na shimizi la ndani vimo.

Mwili kwanza

Shela la dukani na la kuagiza limekatwa kwa jedwali. Jedwali linajua vitu vitatu: kifua, kiuno na nyonga. Halijui kwamba wewe ni mfupi wa kiwiliwili na mrefu wa miguu, kwamba bega lako la kulia limeshuka kidogo, au kwamba nyonga zako ni za saizi moja na kiuno ni cha saizi mbili chini yake. Wanawake wengi wa kwetu wana umbo hilo la mwisho, na ndilo linalosumbua zaidi kwenye nguo za viwandani. Ukinunua au ukiagiza, chagua saizi kwa kipimo chako kikubwa kuliko vyote, kisha fundi apunguze kwingine. Kupunguza ni kazi ya mchana mmoja. Kupanua gauni ambalo kiwandani hawakuacha akiba ya kitambaa kwenye mishono ni kuongeza vipande, na kipande kilichoongezwa kwenye satini kinaonekana hata ukikishona kwa uangalifu wote.

Wauzaji wengi wa mtandaoni siku hizi wanakubali utume vipimo vyako wakushonee. Ni bora kuliko jedwali, lakini bado hakuna anayekuona ukiwa umelivaa kabla halijaisha. Kipimo ulichojipima mwenyewe mbele ya kioo huku umeinama kusoma tepu ni kipimo cha mtu aliyeinama. Yule binti wa Jumatano alijipima hivyo hivyo.

La kukodi limetatua tatizo hili kwa namna yake: mgongoni halina zipu, lina kamba za kukaza. Kamba hizo zinaweza kumeza tofauti ya sentimita kadhaa, ndiyo maana gauni moja linavaliwa na maharusi wengi wenye miili tofauti. Kasoro yake iko kwenye urefu. Mwenye saluni hatakata pindo kwa ajili yako, kwa kuwa Jumamosi ijayo atalivaa mrefu zaidi. Ukiwa mfupi utavaa viatu virefu kuliko ulivyozoea, au utalipiga teke gauni siku nzima.

Kushonesha ndiko mahali ambapo mwili wako unaongoza. Mimi huchukua vipimo zaidi ya kumi na vinne, na vingine watu hawavitarajii: kutoka shingoni mpaka kiunoni mbele, halafu nyuma peke yake, mzunguko wa mkono ukiwa umekunja kiwiko, kutoka kiunoni mpaka sakafuni ukiwa umevaa viatu vyenyewe vya harusi. Bibi harusi asiyekuja na viatu namrudisha nyumbani. Sentimita 3 za kisigino ndizo zinazotenganisha pindo linaloelea juu ya zulia na pindo linalofagia.

Kisha nakata gauni la majaribio kwa marekani, ile pamba ya bei nafuu isiyo na rangi. Jina lake lina historia: karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Marekani, wengi wao wa bandari ya Salem, waliileta Zanzibar kwa wingi, na watu wa pwani wakakiita kitambaa kwa nchi kilikotoka. Kwangu bado kinafanya kazi kubwa. Kwenye marekani naweza kukosea, kuchora kwa chaki, kupasua na kupiga bandi upya bila kugusa lesi yako ya bei. Fundi anayekata lesi moja kwa moja bila jaribio anaweza kuwa hodari sana, lakini anacheza kamari na hela yako.

Siku ya kujaribu usisimame tu kama sanamu. Kaa kwenye kiti. Inua mikono yote miwili juu kama unashangilia. Mkumbatie mtu. Cheza hatua mbili tatu, kwa sababu ukumbini mtaingia mnacheza, watu watakuja na zawadi wanacheza, na kati ya hapo utakaa meza kuu kwa muda mrefu. Gauni lenye vifupa, yaani vijiti vya ndani vya kushika umbo, vinavyochoma kiunoni ukikaa halikufai hata likiwa zuri kwenye picha ya kusimama.

Neti, rangi na joto

Hapa ndipo nina ugomvi mkubwa na magauni ya tayari, na ningependa kila dada anisikie. Mashela mengi yanayotundikwa kwenye madirisha yetu yametoka China au Uturuki. Kule Suzhou, China, eneo la Huqiu lina mitaa mizima ya mashela. Kazi yao nyingi ni safi. Lakini neti ya rangi ya mwili inayowekwa kifuani, mgongoni na mikononi huwa imechaguliwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ukiagiza, andika wazi kwamba unataka neti ya kahawia, taja ni kahawia ya namna gani, na uombe picha ya kipande chenyewe kabla hawajashona. Wasipokuwa nayo, omba gauni lisilo na neti hiyo kabisa.

Ukishonesha, jambo hili linakwisha kwa dakika tano. Nina vipande vya neti kuanzia rangi ya chai ya maziwa mpaka ya kahawa isiyo na maziwa, naviweka kifuani mwa bibi harusi tukiwa mlangoni kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Kile kinachopotea machoni ndicho chetu.

Rangi ya gauni lenyewe nayo ijaribiwe hivyo hivyo. Nyeupe pe, ile yenye ubuluu kidogo, kwenye picha za mwanga mkali hupoteza nakshi zote na kubaki kama shuka. Nyeupe ya maziwa hupokea mwanga kwa upole na huifanya ngozi nyeusi ing'ae. Na kama familia inakuambia lazima iwe nyeupe, wakumbushe kwa adabu kwamba desturi hii ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuvaa nyeupe kwenye ndoa yake Februari 1840. Kabla ya hapo hata huko maharusi wengi walivaa rangi waliyonayo. Pwani yetu mabibi harusi wamevaa kijani na dhahabu na wakapendeza.

Joto sasa. Magauni ya bei nafuu ya kiwandani huwa ni poliesta juu, poliesta katikati na poliesta kwenye bitana. Ukifunga ndoa Arusha au Mbeya mwezi wa saba hutajua tofauti. Ukifunga ndoa Dar au Tanga mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, kanisa limejaa na feni zinapepea upande wa kwaya, utajua. Jasho likilowesha satini ya poliesta linaacha alama, na make-up inaanza kushuka kabla ya kiapo. Kwa fundi unaweza kuomba bitana ya pamba nyepesi sehemu inayogusa ngozi, na shimizi lenye tabaka chache za neti ngumu badala ya nyingi laini. Kwenye la kukodi hupati uamuzi huo, ingawa unaweza kuvaa fulana nyembamba ya pamba chini yake kama mgongo umefunikwa.

Kanisani na kwenye nikaha

Ulizia parokia au usharika wako kabla hujaulizia bei. Makanisa mengi hayapokei mabega wazi, mgongo wazi wala kifua kilichokatwa chini, na nimewaona mabibi harusi wakifunikwa kitenge mlangoni na mama wa kanisa, picha zikapigwa hivyo. Njia rahisi ni mikono ya kuvua au kikoti cha lesi kinachovaliwa ibadani na kuvuliwa ukumbini. Fundi wa kushonesha anakikata kwenye lesi ileile ya gauni. Kwa aliyekodi, kikoti hushonwa peke yake, na kazi inakuwa kutafuta lesi inayoshabihiana, jambo linalowezekana ukianza mapema.

Kwa Waislamu wanaotaka gauni la stara, la dukani hupatikana kwa shida. Mikono huwa ya neti tupu, inahitaji bitana, na ukiitia bitana mkono unabana. Hapa kushonesha kunashinda waziwazi, kwa sababu mkono wenye bitana unatakiwa ukatwe mpana tangu mwanzo.

Pesa

Kwa kawaida kukodi ndiyo nafuu, la dukani linafuata, na la kushonesha lenye kazi nyingi ya mkono ndilo ghali. Lakini bei ya kwanza unayotajiwa inadanganya kwa kila njia, kila moja kivyake.

La kuagiza lina forodha. Tangu Julai 2022 ushuru wa juu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo kwenye kundi hilo. Juu yake kwa Tanzania Bara kuna VAT ya asilimia 18. Piga hesabu: gauni na usafiri wake vikiwa 100, ushuru unaleta 135, VAT inafikisha karibu 160, na hujamlipa anayekutolea mzigo wala fundi wa kurekebisha. Shela lililoonekana nusu ya bei ya fundi linaweza kumfikia.

La kukodi lina dhamana na faini. Soma karatasi: doa la mvinyo, pindo lililochanika, kuchelewa kurudisha Jumatatu. Uliza pia kama bei ina veli, shimizi, taji na kufuliwa. Na linuse kwapani kabla hujalipa, samahani kwa kusema wazi, maana gauni lenye shanga ni gumu kufua na wapo wanaolipulizia manukato tu.

La kushonesha lina kitambaa, na kitambaa kinamshtua kila mtu. Chukua sketi ya duara kamili, kiuno sentimita 70, urefu sentimita 110. Duara lake lina upana wa kama mita 2.4, wakati satini ina upana wa mita 1.5, kwa hiyo inakatwa nusu mbili na kumeza mita 5. Bitana mita 5 nyingine. Neti ya upana wa mita 3, tabaka nne, karibu mita 10. Hizo ni mita 20, na lesi hatujaigusa. Anayekuambia mita 8 zinatosha ana mpango wa kukupa sketi nyembamba.

Na lesi ina mtego wake. Fundi anakuandikia mita 5, unaenda Kariakoo, muuzaji anakuuzia kipande cha yadi 5 kwa sababu ndivyo lesi nyingi zinavyofungwa. Yadi 5 ni mita 4.57. Zile sentimita 43 zinazopungua ni mkono mmoja wa gauni. Mara mbili nimerudi dukani kutafuta kipande cha kufanana nikakuta lesi ya mzigo mwingine, maua yaleyale, nyeupe tofauti. Uliza kipimo kabla ya kulipa, na nunua chote siku moja.

Kazi ya mkono ndiyo nusu nyingine ya bei. Kifua kimoja cha shanga na lulu kilinichukua siku 9, nashikiza moja moja ili ikikatika moja zisimwagike zote. Ukitaka kupunguza gharama, usimwombe fundi ashushe bei ya kazi ileile, maana atapunguza usiku gizani mahali usipopaona. Punguza shanga. Gauni la krepu lililokatwa vizuri, bila shanga hata moja, linamtosha bibi harusi mzima.

Muda unaamua kuliko ladha

Miezi minne na kuendelea: unaweza kushonesha kwa utulivu, majaribio matatu. Miezi miwili: shonesha mtindo mwepesi tu, au nunua la dukani na ulirekebishe. Wiki tatu: kodi, usisumbuke. Kuagiza kutoka nje nisingependekeza chini ya miezi mitatu, kwa kuwa unahitaji wiki kadhaa za fundi baada ya gauni kufika, na mzigo ukikwama bandarini au uwanja wa ndege hakuna anayesikiliza kwamba kadi zimeshagawiwa.

Kama mwili wako unabadilika, kwa mimba au kwa mazoezi, sema mapema bila aibu. Kwa mimba nashona kiuno kikiwa juu, chini ya kifua, na kamba mgongoni badala ya zipu. Kwa anayepungua, jaribio la mwisho linasogezwa mpaka siku kumi kabla ya ndoa.

Kumchagua fundi

Ukishaamua kushonesha, unanunua mikono ya mtu, kwa hiyo itazame. Usiangalie picha za simu pekee, nyingi zinazunguka mitandaoni na hazina mwenyewe. Omba gauni analolishona sasa hivi, ligeuze nje ndani. Mishono ya ndani iwe imefungwa, bitana isivute, zipu isitengeneze tumbo. Akikataa kukuonyesha ndani, aga kwa heshima uondoke.

Muulize anaacha akiba kiasi gani kwenye mishono ya ubavuni. Mimi huacha sentimita 3. Muulize mkia utainuliwaje ukumbini: viwe vifungo vidogo na vitanzi vya ndani ambavyo matroni amefundishwa kuvifunga, siyo pini za dakika ya mwisho zinazochana neti. Muulize ana mashela mangapi Jumamosi hiyohiyo. Jibu la matano, naye ana cherehani moja na msaidizi mmoja, nadhani unajua maana yake.

Andikianeni. Karatasi ya daftari inatosha: mchoro wa mbele na nyuma, aina ya kitambaa na kipande chake kimebanwa pini, nani ananunua nini, tarehe za majaribio, arbuni kiasi gani, na kinachobaki kinalipwa gauni likiwa mwilini. Fundi mzuri hachukii karatasi. Inamlinda na yeye siku shangazi atakapokuja na picha nyingine kabisa na kusema tulikubaliana hii.

Yule binti wa Jumatano, basi. Tulitoa neti yote ya kifuani, tukaweka ya kahawia iliyopotea kabisa kwenye ngozi yake, na lesi nikairudisha ua kwa ua. Zipu tuliing'oa tukatia vitanzi na kamba, hapo ndipo sentimita 6 zilipopatikana. Kiuno hakikuwa na dawa ya kweli, kwa hiyo nilikifunika kwa mkanda mpana wa satini uliokaa mahali kiuno chake kilipo. Tulimaliza Ijumaa saa tano usiku, na mdogo wake akiwa ndiye ametushikia taa umeme ulipokatika.

Mdogo wake huyo alikuja mwaka uliofuata, miezi mitano kabla ya ndoa yake, pesa ya arbuni mkononi. Alitaka sketi kubwa ya kujaza mlango, shanga mpaka chini, kwa ibada ya muda wa saa mbili na sherehe ndogo nyumbani kwao. Nilimpeleka kwa mwenzangu anayekodisha, akavaa gauni la tatu tu kwenye rafu, kamba zikakaza vizuri, urefu ukamkaa na viatu vyake. Kwangu alishonesha mikono miwili ya lesi ya kuingilia kanisani. Lesi tulikwenda kuinunua pamoja, na muuzaji alipotamka yadi, yeye ndiye aliyeomba tepu.